Kugeuza hasira kuwa kichekesho cha dakika tano: mwongozo kamili

Kwenye mazoezi ya uchekeshaji ninayoyasimamia Dar es Salaam, anayeanguka mara nyingi ni yule aliyekuja na jambo la kweli. Anapanda na uchungu wake kuhusu mwenye nyumba, kondakta, bosi au wifi. Jasho linamtoka, sauti inapanda, na watu wanamsikiliza kwa heshima zote, kama wanasikiliza shauri ofisini kwa mtendaji wa mtaa. Hakuna anayecheka. Akishuka ananiambia labda yeye hana kipaji.

Kipaji anacho, na jambo analo. Kosa lake ni kwamba amepanda na hasira yenyewe, akakiacha nyumbani kile kilichomkasirisha. Nimeona kosa hili likijirudia kiasi kwamba nimeona niandike njia nzima, hatua kwa hatua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu za rangi mbili. Usiandikie kwenye simu. Simu iko karibu mno na kitufe cha kutuma.
- Saa ya kukuhesabia dakika kumi.
- Simu yenye kinasa sauti, itakayotumika hatua ya 7 na ya 8 tu.
- Mtu mmoja asiyejua lolote kuhusu ugomvi wako, na asiyeona haya kukwambia "sijaelewa".
- Siku kumi. Ukitaka kupanda kesho, tumia kitu kingine.
- Hasira moja. Wengi huja na tano, wakaishia kuwa na hotuba.

## Hatua ya 1: Chagua hasira inayofaa

Chagua hasira ndogo inayojirudia. Kubwa iliyotokea mara moja inahitaji maelezo marefu, na msikilizaji hana uhakika kama ingemtokea yeye. Ndogo ya kila wiki anaijua tayari. Ukianza tu kuitaja, anaanza kutikisa kichwa.

Kuna sababu ya pili. Mwaka 2010 watafiti wawili, Peter McGraw na Caleb Warren, walieleza kwamba jambo huchekesha linapokuwa limekiuka utaratibu na papo hapo likaonekana halina madhara. Ukileta jambo bichi, sehemu ya pili haipo. Watu wanaona umeumia, wanaanza kukuonea huruma, na mtu mwenye huruma hacheki.

Jipime hivi: ukiwa peke yako, simulia kisa kwa sauti mara moja. Sauti ikitetemeka au koo likikaba, kiweke kando kwa miezi kadhaa.

Onyo. Kipigo cha nyumbani, ubakaji, msiba uliotokea juzi: haya usiyapeleke jukwaani kwa sababu tu umesikia kwamba kucheka kunaponya. Yanahitaji kwanza mtu mmoja wa kuzungumza naye, awe ndugu, kiongozi wa dini au mshauri nasaha, kabla ya ukumbi wa watu wasiokujua.

Kwa mwongozo huu nitatumia mfano wa kutunga ambao mpangaji yeyote ataufahamu: nyumba ya vyumba sita, LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla), na jirani mmoja anayechangia kidogo kuliko anavyotumia.

*Umefaulu kama* unaweza kusema hasira yako kwa sentensi moja inayoanza na "Kila..." Mfano: "Kila umeme ukikaribia kuisha, wa kununua ni mimi."

## Hatua ya 2: Mwaga kwa dakika kumi

Weka saa. Andika bila kuinua kalamu. Usitafute kuchekesha, usipange, usisahihishe. Tusi likija, liandike. Dakika kumi zikiisha, acha hata kama uko katikati ya neno.

Kwa nini ufupi huo? Mwaka 2011 Matthijs Baas, Carsten De Dreu na Bernard Nijstad walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu mwenye hasira huanza na ubunifu mwingi, ila ubunifu huo hupungua haraka, na mawazo yake hutoka bila mpangilio. Nayaona hayo kwenye madaftari ya wanafunzi wangu: ukurasa wa kwanza umejaa vitu, wa pili unarudia wa kwanza, wa tatu ni matusi matupu. Basi chukua mavuno ya mwanzo. Kupanga kutafanywa na wewe wa kesho kutwa, ukiwa umepoa.

Mfano wetu ulimwagika hivi:

"Yule jirani ni mbinafsi, hana haya, anatuona sote wajinga. Tukichanga anatoa elfu mbili anasema yeye anatumia taa tu. Taa tu! Ana friji, ana pasi, ana jiko la umeme la kuchemshia maharage. Yuniti zikiisha usiku, wa kwanza kutoka nje ni yeye, eti 'kwani zimeisha?' Mwenye nyumba naye tukimwambia aweke mita za vyumba anasema atalifanyia kazi. Nimechoka kusimama gizani nabonyeza tarakimu ishirini kwa tochi ya simu ili yeye anywe maji ya baridi."

Onyo. Hatua hii hatuifanyi ili hasira itoke. Wengi wanaamini ukipiga kelele au ukipiga mto utapoa. Brad Bushman alilipima jambo hilo Marekani mwaka 2002 kwa wanafunzi 600 wa chuo. Waliopiga mfuko wa mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya tu. Kwa hiyo funga daftari. Usimsomee rafiki yako kwenye simu usiku huo, na ukurasa huo usipigwe picha ukaingia kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji.

*Umefaulu kama* ukurasa una angalau vitu vitano vinavyoweza kushikwa kwa mkono au kusikika kwa sikio.

## Hatua ya 3: Iache siku mbili

Usiguse. Ukirudi mapema utatetea kila sentensi kama wakili.

## Hatua ya 4: Chambua

Chukua kalamu ya rangi ya pili. Fanya kama unachambua mchele kwenye ungo, punje baada ya punje.

Kata kila hukumu. Hukumu ni neno linalomwambia msikilizaji afikirie nini: mbinafsi, hana haya, wajinga, nimechoka. Zungushia kila kinachoonekana, kinachosikika au kinachohesabika: friji, pasi, maharage, elfu mbili, "taa tu", "kwani zimeisha?", tarakimu ishirini, tochi ya simu, "atalifanyia kazi".

Utaona uchungu, kwa sababu maneno unayoyakata ndiyo uliyoyaandika kwa nguvu zaidi. Kata hivyo hivyo. Ukiwaambia watu jirani ni mbinafsi, umewanyima kazi. Wao wamebaki kukubali au kukataa. Ukiwaambia anachemsha maharage kwa "taa tu", ubinafsi wanaugundua wenyewe, na kicheko hutoka kwenye kugundua huko.

Kisha tafuta kitu kimoja ambacho ndani yake kuna uongo au kinyume. Hicho ndicho mhimili wa kichekesho chako. Hapa ni "natumia taa tu". Vingine vyote vitazunguka hapo, na visivyozunguka havina nafasi hata kama ni vya kweli.

*Umefaulu kama* mtu asiyekujua akisoma vilivyozungushiwa peke yake anaweza kubuni kisa bila wewe kumweleza.

## Hatua ya 5: Amua unamlenga nani

Hapa ndipo vichekesho vingi vya hasira huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuna shule ya siku nyingi ya jambo hili: utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19. Wajukuu wao leo ni watani. Mtani anaweza kufika msibani akaigiza mwendo wa marehemu, akazuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka machozi hayajakauka. Asiye mtani akithubutu kufanya hayo atatolewa nje, ingawa maneno ni yale yale. Mtani ana ruhusa. Jukwaani hukuzaliwa mtani wa mtu yeyote, kwa hiyo ruhusa lazima uitafute ndani ya dakika ya kwanza.

Njia ya kwanza ni kulenga juu. Jiulize nani amewaweka ninyi wawili kwenye ugomvi huu. Jirani anakera, lakini naye ni mpangaji kama wewe. Aliyeweka mita moja kwa vyumba sita ni mwenye nyumba. Anza na jirani kwa sababu yeye ndiye mlango wa kisa, kisha panda hadi kwa mwenye nyumba. Ukiishia kumpiga aliye chini yako, dada wa kazi, mlinzi au mama anayeuza vitumbua, kicheko ukikipata kitakuwa cha wasiwasi, nami sitaki uzoee ladha yake.

Njia ya pili: msemaji naye awemo. Mtu anayeonekana msafi kuliko wote anahubiri. Mpangaji wetu afanye nini? Yuniti zikibaki mbili, anakimbilia kuchaji kila kitu chumbani kabla wenzake hawajashtuka. Kila aliyewahi kupanga amefanya hivyo, na akisikia anakupa ruhusa yote unayoihitaji.

Mwandishi Wahome Mutahi wa Kenya alifungwa mwaka 1986 enzi za Moi, na hasira alikuwa na haki nayo. Safu yake ya gazetini, Whispers, haikujaa hotuba. Aliweka nyumba moja: baba anayejiona mkubwa, mke anayeitwa Thatcher, watoto wasiotishika. Msomaji aliyemwona baba huyo akijitutumua sebuleni hakuhitaji kuonyeshwa kidole wakubwa ni akina nani.

Jambo la mwisho hapa: acha nafasi ya mtu mwingine kuingia. Waandishi wa majina ya khanga wanalijua hili. "Hasidi hana sababu" haimtaji mtu, ndiyo maana wanawake elfu wanaweza kuivaa, kila mmoja kwa hasidi wake. Ni hivyo pia kwenye taarabu ya mipasho, ile iliyopamba moto miaka ya 1990 kati ya waimbaji wa vikundi viwili hasimu, Khadija Kopa upande wa TOT na Nasma Khamis upande wa Muungano. Mwanamke alikuwa akinyanyuka kwenda kutuza hasa pale ubeti unapomgusa, huku jicho liko kwa mbaya wake aliyekaa meza ya tatu. Hasira ya mwimbaji imekuwa yake. Kwa hiyo ondoa majina, rangi ya geti, kabila na namba ya chumba. Bakiza maharage.

*Umefaulu kama* unaweza kuandika kisa chako kwa mstari mmoja wa kuchapwa kwenye khanga, bila jina la mtu, na jirani yako akiuona anajua.

## Hatua ya 6: Tega, kisha fyatua

Kila kicheko kina sehemu mbili: unatega, unafyatua. Kutega ni kumpeleka msikilizaji mahali anapodhani anapajua. Kufyatua ni neno moja linalomwonyesha kuwa yuko kwingine.

Kanuni ninayoisisitiza kuliko zote: neno la kufyatua liwe la mwisho. Linganisha.

Hafifu: "Maharage yalikuwa yanachemka kwake kwa jiko la umeme wakati anasema anatumia taa tu."

Bora: "Anasema anatumia taa tu. Jana nimepita mlangoni kwake, nikasikia taa inachemsha maharage."

Ya kwanza ina habari zote, ila mtego umefyatuka mwanzoni kabla hatujaingia. Ya pili imeficha maharage mpaka mwisho, na haikutaja jiko kabisa. Usilitaje. Msikilizaji akiliona mwenyewe ndipo anacheka.

Ukipata kicheko, usikimbilie jambo jipya. Kaa hapo hapo ufyatue tena kwa maneno machache zaidi: "Leo asubuhi taa imenyoosha suruali." Nyamaza. "Jioni, taa imetoa barafu." Mtego ni ule mmoja, umekupa vicheko vitatu.

Kiswahili kinakupa silaha nyingine ambayo wengi hawaitumii: viambishi. Silabi moja ikiongezwa au ikiondolewa, kitendo kinageuka. Mtu wa Dar akikwambia "unanipanga", anamaanisha unamdanganya kwa maneno matamu. Basi: "Dalali hakunipangisha chumba. Alinipanga." Tumia kwa kiasi. Moja katika dakika tano ni tamu. Nne zinaonyesha kwamba unacheza na maneno na hasira umeisahau.

Onyo. Usitegemee matusi kufyatua. Tusi hushtua mara moja, kisha unahitaji kubwa zaidi, na ghala lake ni dogo.

*Umefaulu kama* ukifunika neno la mwisho la kila kipande kwa kidole, kilichobaki hakichekeshi.

## Hatua ya 7: Hamishia mdomoni

Lugha ya daftari na ya mdomo ni mbili. Simama, rekodi, sema bila kusoma. Ulipojikwaa, sentensi ndiyo mbaya, ifupishe. Sema kwa Kiswahili unachogombania nyumbani kwako, kiwe cha Tanga, cha Kigoma au Sheng ya Eastlands. Ukipanda na Kiswahili cha taarifa ya habari, hasira itasikika ya kuazima.

Sasa kuhusu sauti. Wanaoanza hupiga kelele kwenye neno la kufyatua. Fanya kinyume: hasira ibaki machoni na kwenye taya, sauti ishuke. "Nikasikia taa inachemsha maharage" isemwe polepole, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Watu wakiona unajizuia, wanaona ukubwa wa kilichozuiwa.

Kisha nyamaza. Hesabu moja, mbili kimoyomoyo. Nimewaona wengi wakiua kicheko chao wenyewe kwa kuanza sentensi nyingine mapema.

*Umefaulu kama* unaweza kusema dakika tano mara tatu mfululizo bila daftari, na ya tatu bado inakuuma kidogo.

## Hatua ya 8: Watu watatu, kisha ukumbi

Anza na yule mtu mmoja. Usimwulize kama amependa. Atasema ndiyo kwa adabu. Mwombe akusimulie tena kisa chako. Alichokisahau, kata. Alichokikosea, hukukieleza vizuri.

Halafu wawe watatu, na kinasa sauti kikiwa kinafanya kazi. Sikiliza rekodi ukihesabu vicheko. Mimi huwapa wanafunzi wangu lengo la vicheko kumi kwa dakika tano, yaani kimoja kila nusu dakika. Weka alama kila palipopita nusu dakika bila kicheko. Mara nyingi utakuta pale umerudi kulalamika: hukumu uliyoikata hatua ya 4 imeingia tena kwa mlango wa nyuma.

Ukumbini, panda mara tatu na kitu kile kile kabla ya kukihukumu. Usiku wa kwanza hukuonyesha woga wako tu. Usiku wa pili hukuonyesha ukumbi ule. Wa tatu ndio unaokuonyesha maandishi yako.

## Kabla hujarusha mtandaoni

Jukwaani maneno yanapita. Video inabaki na inasafiri bila wewe kuwepo kueleza. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Zote zinagusa taarifa za uongo na kumsumbua mtu kwa njia ya mtandao. Kumtaja jirani kwa jina na kumwita mwizi mbele ya kamera kunaweza kukupeleka polisi, hata kama una hakika. Ulichokifanya hatua ya 5, kuondoa majina na alama, ndicho kinachokulinda hapa.

Kuna ulinzi mwingine ambao sheria haiugusi. Unaishi na watu hao. Kama kichekesho kimemlenga mtu mnayekutana naye bombani kila asubuhi, jiulize kama ungeweza kukisema naye akiwa amekaa kiti cha mbele. Jibu likiwa hapana, rudi hatua ya 5.

## Ikikwama

Watu wanasikitika badala ya kucheka. Kisa bado kibichi, au msemaji hayumo kwenye makosa. Ongeza kosa la msemaji mapema, ndani ya sekunde thelathini za kwanza.

Wanacheka mwanzo, kisha wananyamaza. Umebaki kwa jirani. Hukupanda hadi kwa mwenye nyumba.

Hasira imeisha, kisa hakikuumi tena. Hutokea baada ya kukisema mara nyingi. Fungua ukurasa wa hatua ya 2, ule uliofungwa, utafute kitu kimoja ambacho hukukitumia. Karibu kila mara kipo.

Umekasirika zaidi kuliko ulivyoanza. Acha wiki mbili. Huenda jambo hili linahitaji kikao na mwenye nyumba kabla ya jukwaa.

## Mfano ulivyotoka baada ya hatua zote

Huu ndio mwanzo wa zile dakika tano. Usome kwa sauti, polepole, ukinyamaza kwenye kila nafasi.

"Tunakaa wapangaji sita, LUKU moja.

Jirani yangu akichanga anatoa elfu mbili. Anasema yeye anatumia taa tu.

Jana nimepita mlangoni kwake, nikasikia taa inachemsha maharage.

Leo asubuhi, taa imenyoosha suruali.

Jioni, taa imetoa barafu.

Simsemi sana, maana na mimi yuniti zikibaki mbili nachaji mpaka simu niliyoacha kuitumia 2016.

Zikiisha usiku anatoka nje wa kwanza: 'Kwani zimeisha?' Mimi nipo gizani nabonyeza tarakimu ishirini. Nimefika ya kumi na tisa. Ananiuliza, 'Umeanza na ngapi?'

Tukaenda kwa mwenye nyumba. Tukamwambia, mzee shikamoo, tunaomba kila chumba kiwe na mita yake. Akasema, 'Marahaba wanangu. Hilo nitalifanyia kazi.'

Mwezi uliofuata kodi ikapanda.

Hiyo hakuifanyia kazi. Ilipanda yenyewe."